TIMOTHY WEAH NA JINA LA BABA: MUACHENI DOGO ACHEZE MPIRA WAKE!

Kuna watu, kila Timothy Weah akiboronga mechi, wanakimbilia kuposti lile goli la baba yake dhidi ya Verona mwaka 1996, Mzee George akiutoa mpira kwenye boksi lake mpaka nyavuni kwa wapinzani. Chini wanaandika eti damu imegoma. Jamani!

Huyo mzee ndiye Mwafrika pekee aliyewahi kubeba Ballon d'Or, mwaka 1995. Baada yake wamepita kina Eto'o, Drogba, Mane na Salah, wote wametoka kapa. Sasa kama hao wameshindwa, deni hilo anadaiwaje dogo aliyezaliwa New York mwaka 2000, mzee akiwa anakaribia kutundika daluga?

Wengine wanasema alibebwa. Haya, tuseme jina lilimfungulia mlango pale PSG. Lakini jina halikumpa namba. Mbele yake walikuwepo Neymar, Mbappe na Cavani, angepita wapi? Januari 2019 akaenda Celtic kwa mkopo, kisha Lille, ambako msimu wa kwanza majeraha yalimuweka nje karibu wote. Hakukimbia. Msimu wa 2020/21 Lille wakabeba ubingwa wa Ufaransa kwa tofauti ya pointi moja tu, na walioachwa nyuma ni hao hao PSG. Tamu sana hiyo!

Halafu kuna ile ya Qatar, Novemba 21, 2022, Marekani na Wales. Dakika ya 36 Pulisic anapenyeza pasi, Tim anamalizia, goli. Mzee, wakati huo Rais wa Liberia, alikuwepo jukwaani. Ukumbuke George hakuwahi kucheza Kombe la Dunia hata dakika moja. Fainali za 2002 Liberia ilizikosa kwa pointi moja, ikaenda Nigeria. Kitu ambacho baba alikikimbiza miaka yote, mwana amekipata, tena kwa goli. Mbona hiyo hamuiposti?

Eti aliisaliti Liberia. Mtoto kazaliwa Marekani, mama yake Mjamaika, mlitaka achague wapi ndo mridhike?

Siyo kwamba hana makosa. Copa America 2024 alimpiga beki wa Panama kichwani, kadi nyekundu dakika ya 18 tu, Marekani wakalala 2-1 na mwisho wakaaga mashindano kwenye makundi, tena nyumbani kwao. Hapo mlaumuni mpaka mchoke, ni haki yenu. Ila ule ulikuwa utoto wake mwenyewe, George hausiki.

Na kuna jambo mashabiki wa mitandaoni hawalioni kabisa. Dogo kaanza kama mshambuliaji, lakini kuanzia Lille mpaka Juventus makocha wamekuwa wakimrudisha nyuma kulia, akabe, apande, arudi. Sasa yuko Marseille tangu 2025, klabu ambayo baba naye aliichezea, kwa hiyo makelele yameanza upya. Wanahesabu magoli! Nyie wadau, beki wa kulia mnamlinganishaje na namba tisa?