Kilo moja ya nafaka kwenye chupa ya wiski: Funzo kwa mkulima wa mtama Mungaa

KATIKA baadhi ya baa za Singida mjini, kwenye rafu ya juu nyuma ya kaunta, huwa kuna chupa mbili tatu ambazo wateja wengi huishia kuzitazama tu. Ni wiski za Scotland, na zile zilizoandikwa "Single Malt" ndizo ghali kuliko zote. Bei ya chupa moja inaweza kulingana na ya gunia zima la mtama, au kuizidi.

Safari fupi kutoka hapo, katika Kata ya Mungaa wilayani Ikungi, mkulima huvuna mtama wake na mara nyingi huuza haraka, kwa debe, kwa mnunuzi wa kwanza aliyefika na lori. Ada ya shule inasubiri na deni la pembejeo nalo linasubiri.

Swali la kujiuliza ni hili: katika chupa ile ya rafu ya juu, nafaka ni kiasi gani?

Hesabu yake si ngumu. Tani moja ya kimea cha shayiri hutoa takriban lita 400 za kileo halisi. Chupa ya mililita 700 yenye nguvu ya asilimia 40 ina mililita 280 za kileo hicho. Kwa hiyo kilo 100 za kimea zinaweza kutoa chupa zipatazo 140. Wiski ikikaa kwenye mapipa kwa miaka 12, huku kiasi cha asilimia 2 kikipotea hewani kila mwaka, bado zitabaki chupa zaidi ya 100.

Kwa maneno mengine, chupa hiyo ina kilo moja hivi ya nafaka. Nyingine yote ni muda, ushuru, usafiri, faida na jina.

Kimea tunakijua

Wanawake wa Mungaa wanaopika pombe ya kienyeji hawahitaji kufundishwa kimea. Huloweka mtama au uwele, huufunika mpaka uote, huuanika na kuusaga. Nafaka inapoota, wanga wake hulainika na kuwa tayari kugeuka sukari, na sukari ndiyo inayochachuka.

Scotland hufanya vivyo hivyo kwa shayiri, kisha pombe hiyo hukenekwa. Tofauti kubwa ni kwamba pombe yetu lazima inywewe ndani ya siku chache, ama sivyo inachachuka kupita kiasi, wakati ya wenzetu huongezeka thamani kadiri inavyokaa kwenye pipa.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 2009 imeweka masharti makali. Ili chupa iitwe "Single Malt", wiski lazima itokane na kimea cha shayiri pekee, itengenezwe katika kiwanda kimoja tu, ikae Scotland kwenye mapipa ya mti wa mwaloni kwa miaka isiyopungua mitatu, na nguvu yake isipungue asilimia 40. Tangu Novemba 2012 ni lazima pia ijazwe kwenye chupa hukohuko.

Mwenye duka au baa anayefikiria kuweka chupa kama hiyo azingatie mambo machache. Kwanza, asome lebo. "Blended" maana yake ni mchanganyiko wa wiski za kimea na za nafaka nyingine kutoka viwanda mbalimbali. Johnnie Walker, inayojulikana sana hapa nchini, ni ya kundi hilo. Glenfiddich na The Glenlivet ni za kimea cha kiwanda kimoja.

Pili, umri ulioandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Rangi isimdanganye mtu, kwani sheria inaruhusu kutia rangi ya sukari iliyounguzwa. Tena wiski haizeeki ndani ya chupa. Ya miaka 12 ikikaa dukani miaka mitano bado ni ya miaka 12.

Tatu, ladha hutofautiana. Za bonde la mto Spey huwa na utamu wa matunda. Nyingi za kisiwa cha Islay, kama Laphroaig na Ardbeg, hunuka moshi, kwa sababu kimea chake hukaushwa kwa moto wa udongo wa mimea iliyooza kwa karne nyingi. Aliyezoea nyama iliyoning'inizwa juu ya mafiga ataitambua harufu hiyo. Hunywewa kidogo kidogo, baada ya kunusa, na matone machache ya maji huifungua ladha. Anayeibugia kama soda amepoteza fedha zake.

Nne, aangalie stempu ya kodi ya TRA na adai risiti. Na akumbuke kwamba mtaji uliolala kwenye chupa moja ungeweza kuzungushwa mara nyingi kwenye sukari, sabuni na mafuta ya alizeti. Kwa duka la kijijini, ushauri wetu ni kuacha.

Hata wao walianzia porini

Wengi hawajui kwamba wiski hiyo ya heshima ilikuwa kama gongo. Wakulima wa milimani Scotland walikeneka kwa kificho wakiwakimbia maofisa wa ushuru. Mwaka 1823 Bunge la Uingereza lilipunguza ushuru na kuweka leseni ya pauni 10. Mwaka uliofuata George Smith wa Glenlivet akawa miongoni mwa wa kwanza kuichukua. Majirani waliobaki kwenye magendo walimchukia kiasi kwamba alitembea na bastola mbili.

Baadaye viwanda vingine vikaanza kutumia jina la bonde lake, na mwaka 1884 mgogoro huo ukaamuliwa kwamba kiwanda chake pekee ndicho kijiite The Glenlivet. Mwaka 2024 Scotland iliuza nje wiski ya thamani ya pauni bilioni 5.4.

Hatusemi watu wa Mungaa waanze kukeneka. Hapa nchini sheria ya mwaka 1966 inakataza kufanya hivyo bila leseni, na gongo limeua na kupofusha watu. Funzo liko kwenye nafaka.

Mkulima wa shayiri Scotland naye hapati fedha ya chupa. Anachopata ni bei ya nyongeza, iwapo nafaka yake inafaa kwa kimea. Wanunuzi hutaka punje zipatazo 98 kati ya 100 ziote. Zisipofika huko, shayiri hiyohiyo huenda kwenye chakula cha mifugo kwa bei ya chini.

Mtama wetu nao una bei mbili, ila wengi tunauza kwa ile ya chini. Viwanda vya bia hutaka mtama mweupe, mkavu, usio na mchanga, wa mbegu ya aina moja kama Macia, iliyoidhinishwa nchini mwaka 1999. Mpika pombe wa kijijini anataka unaoota vizuri. Mtama mwekundu na mweupe ukichanganywa gunia moja, humfai yeyote kati yao.

Kujipima hakuhitaji maabara. Hesabu punje 100, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, na baada ya siku tatu uhesabu zilizoota. Zikiwa chache, nafaka imeharibika shambani au ghalani.

Hata hivyo, mnunuzi mmoja mkubwa si kinga. Nchini Kenya, bia ya Senator ilianza mwaka 2004 kwa unafuu wa ushuru na kufungua soko kwa wakulima wa mtama. Mwaka 2013 unafuu ulipopunguzwa, mauzo yaliporomoka na wakulima wakabaki na magunia, mpaka uliporejeshwa kwa sehemu kubwa mwaka 2015.

Kwa hiyo wakulima wa Mungaa watenganishe mbegu tangu shambani, wakaushe juu ya turubai, wakusanye mzigo kwa kikundi, na waweke akiba ya chakula kabla ya kusaini mkataba wowote. Anayeingia sokoni na mtama usiojulikana ni wa aina gani atapangiwa bei na mwenye lori.