Kibao cha Gari na Sitara ya Jirani



Siku chache zilizopita, hapa Tuwan, gari geni lilisimama nje ya nyumba ya mama mmoja mjane. Kibao chake hakikuwa na herufi na tarakimu tulizozoea, bali jina la mwenyewe. Kijana mmoja akalipiga picha, akaituma katika kundi la WhatsApp la mtaa na kuuliza: “Nani huyu kwa Mama Fulani?” Kabla ya Magharibi, maneno yalikwisha kufika Bungoma. Kumbe mgeni ni nduguye wa tumbo moja, kaja kumjulia hali. Picha ilifutwa, maneno hayakufutika.

Wako wanaomtetea kijana. Wasema, mwenye kutundika jina lake barabarani amekwisha kutoa idhini atazamwe. Ni kweli kwamba vibao hivi hununuliwa vionekane. Huko Dubai, Aprili 2023, kibao “P 7” kiliuzwa dirham milioni 55 katika mnada wa sadaka. Jirani zetu wa Tanzania, mwaka 2016, walipandisha ada ya kibao cha jina kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Lakini aliyelipa amelipia jina lake lionekane. Hakulipia itangazwe yuko mlangoni kwa nani, na saa ngapi. Na yule mjane hakununua kibao chochote.

Sheria nayo ina neno. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya yalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yahesabu kuwa data ya mtu habari yoyote inayoweza kumtambulisha. Picha ya matumizi ya nyumbani pekee sheria imeiacha. Kuitangaza ni jambo jingine. Septemba 2023, Kamishna wa Kulinda Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizotolewa bila idhini ya wazazi.

Nasi Waislamu tuna onyo la kale kuliko hayo. Katika Suratul Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana, yote matatu katika aya moja. Kijana wetu aliyakusanya katika picha moja.

Akina mama, tuwaambie wanetu: gari likikupendeza, litazame upite. Ukilipiga picha, ficha kibao na mlango wa watu kabla ya kuituma. Ukishuhudia ajali au wizi, ipeleke picha polisi, si kundini. Na ikikufikia picha ya namna hii, ikome kwako.

Kisha twende tukamwombe radhi mama yule, sisi tulioisoma tukanyamaza.

Wassalaam.