Rosa Mistika Kabla ya Mwongozo

KALAMU NA DARASA
Na Zuhura Mbwambo

Afya ya akili ya kijana, yaani uwezo wake wa kuzimudu hisia zake, kuishi vyema na wenzake na kustahimili misukosuko, hujadiliwa zaidi kama kazi ya hospitali na washauri nasaha, ilhali somo la fasihi, ambalo hushughulika na mambo hayohayo kila wiki, huachwa nje ya hesabu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na huenda mwalimu wa fasihi ndiye mtu mzima pekee ambaye ratiba yenyewe humruhusu kuzungumza na kijana huyo kuhusu fedheha, mapenzi na kukata tamaa.

Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kabla ya kuja kuruhusiwa na kufundishwa sekondari. Rosa hulelewa kwa ukali na Zakaria, baba mlevi asiyetaka bintiye azoeane na wavulana. Akiwa mbali na nyumbani uhuru humzidi nguvu, na mwishowe hujiua. Darasani kifo hicho hugeuzwa upesi kuwa hoja za kujibia mtihani: ubaoni huandikwa malezi mabaya, ulevi na nafasi ya mwanamke, wanafunzi hunakili, na hakuna anayeuliza Rosa angeweza kumwendea nani kabla ya siku ile. Mwongozo, kile kijitabu cha uchambuzi ambacho wengi hukisoma badala ya riwaya yenyewe, humalizia uharibifu uliobaki.

Kinachopotea hapo ni umbali wa kisanaa, yaani nafasi inayomwezesha msomaji kulitazama jambo linalomuuma kana kwamba ni la mtu mwingine. Msichana asiyethubutu kumtaja baba yake mzazi aweza kumjadili Zakaria kwa kipindi kizima bila kuvunja heshima ya nyumbani kwao. Mwaka 2013 David Comer Kidd na Emanuele Castano walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kuwa kusoma hadithi za kifasihi huongeza uwezo wa kutambua hisia za wengine, lakini baadhi ya watafiti waliorudia majaribio hayo hawakupata matokeo yaleyale, kwa hiyo asiahidiwe mzazi yeyote kwamba riwaya ni dawa. Tena kwa kijana ambaye tayari anawaza kujiua, kisa kama cha Rosa chaweza kumtonesha kidonda asipokuwapo mwalimu wa kumsikiliza.

Walimu wanaombwa kipindi kimoja tu kwa kila kitabu, madaftari yakiwa yamefungwa na mwongozo ukiwa mbali; na Baraza la Mitihani linaombwa litunge walau swali moja ambalo jibu lake haliwezi kukaririwa.