Mwenye Kisukari Asisubiri Giza

Mwalimu aliyesimama mbele ya ubao kwa miaka ishirini huanza, asubuhi moja, kuona vitu vyeusi mithili ya utando wa buibui vikielea mbele ya macho yake. Hufuta miwani, hulaumu vumbi la chaki, kisha huendelea na somo. Hana maumivu, na jicho halikuwa jekundu wala halitoi machozi. Siku chache baadaye nusu ya ubao imefunikwa na wingu. Anapofika hospitali ndipo anapoambiwa kwamba damu imemwagika ndani ya jicho, na kwamba chanzo chake ni kile kisukari alichokuwa akikitibu kwa vidonge miaka kumi bila ya kupimwa macho hata mara moja.

Madaktari wa macho wanakifahamu vema kisa cha namna hii. Linalosikitisha zaidi ni kwamba upofu huo, kwa sehemu kubwa, unaweza kuzuiliwa, na kwamba njia ya kuuzuia imejulikana kwa zaidi ya miaka arobaini.

Yafaa kwanza ieleweke ni kitu gani kinachoharibika. Nyuma ya jicho umo utando laini uitwao retina, ambao hupokea mwanga na kuupeleka ubongoni ukiwa habari. Utando huo una njaa kubwa ya oksijeni, na hulishwa na vishipa vya damu vyembamba mno hata chembe nyekundu za damu hupita humo karibu moja moja. Kuta za vishipa hivyo zimekumbatiwa na seli maalumu zinazozitegemeza, kama vile fito zinavyoutegemeza udongo wa nyumba. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, seli hizo hufa. Ukuta uliokosa fito hufura na kufanya vijivimbe vidogo, kisha huanza kuvuja maji, mafuta na damu. Uvujaji huo ukifika katikati ya retina, mahali mtu anapotumia kusoma na kutambua nyuso, herufi hupinda na sura za watu hufifia.

Lakini hatari haikomi hapo. Vishipa vingine huziba kabisa, na sehemu za retina zikabaki bila ya chakula. Retina yenye njaa hutoa kemikali ya kuamsha vishipa vipya. Vishipa hivyo, badala ya kuokoa, huleta maangamizi: ni dhaifu, huota mahali pasipostahili, hupasuka na kumwaga damu katika ule ute mzito unaojaza jicho. Makovu yanayofuata huweza kuivuta retina hadi ikabanduka. Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini retina ikishakufa hakuna fundi awezaye kuijenga upya.

Jambo la kutisha ni kwamba hatua nyingi za uharibifu huo hupita kimya. Mtu aweza kusoma gazeti bila ya taabu huku vishipa vya macho yake vikivuja. Kwa hiyo mgonjwa anayesema “nitakwenda nikianza kuona vibaya” anajihukumu mwenyewe. Tangu Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipobuni mwaka 1851 chombo cha kutazama ndani ya jicho, daktari hahitaji kungojea malalamiko ya mgonjwa. Hutia matone ya kupanua mboni, akaona kwa macho yake hali ya vishipa.

Tiba nazo zipo. Mwaka 1976 uchunguzi mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba mionzi ya leza ikitumiwa kwa wakati hupunguza kwa nusu au zaidi hatari ya kupoteza uwezo wa kuona. Mwaka 1993 uchunguzi mwingine, uliowahusu wagonjwa 1,441 wanaotegemea insulini, ulithibitisha kwamba kudhibiti sukari kwa uangalifu hupunguza kwa asilimia 76 uwezekano wa maradhi haya kuanza. Uingereza nayo ikaonyesha mwaka 1998 kwamba kudhibiti shinikizo la damu huyalinda macho vilevile. Siku hizi zipo pia sindano za kuizuia ile kemikali inayootesha vishipa vipya.

Hapana shaka watakuwapo wa kusema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba England ilianza mwaka 2003 mpango wa taifa wa kuwapiga picha za macho wagonjwa wa kisukari, na kwamba ilipofika mwaka 2014 watafiti walitangaza kuwa maradhi haya hayakuwa tena sababu ya kwanza ya upofu miongoni mwa watu wa umri wa kufanya kazi katika England na Wales. Lakini siri ya mafanikio hayo ni utaratibu zaidi kuliko fedha: kila mgonjwa ameandikwa, kila mgonjwa huitwa, na asiyefika hutafutwa.

Hapa Tanzania, mpango ulioanzishwa Kilimanjaro ulipima watu zaidi ya 3,000 wenye kisukari kati ya mwaka 2010 na 2014, na zaidi ya robo yao walikutwa retina zao zimekwisha kuguswa. Ushahidi huo unaonyesha mambo mawili kwa pamoja: maradhi yapo, na kazi ya kuyatafuta inawezekana. Picha ya retina haihitaji kupigwa na daktari bingwa. Muuguzi aliyefundishwa vema anaweza kuipiga. Huko Zambia, mwaka 2019, picha za wagonjwa 1,574 zilisomwa na kompyuta iliyofundishwa kazi hiyo, nayo ikatambua zaidi ya tisa katika kila kumi ya waliostahili kupelekwa kwa daktari.

Hata hivyo, mashine haimshiki mgonjwa mkono ikampeleka hospitali. Rwanda ilitoa somo mwaka 2022. Wagonjwa waliopewa majibu papo hapo walikwenda kwa daktari wa macho kwa wingi zaidi kuliko wale waliosubiri majibu kwa siku kadhaa. Lakini hata miongoni mwa hao wa kwanza, karibu nusu hawakwenda. Nauli, woga, na ile imani kwamba jicho lisilouma ni jicho zima, huwabakiza watu nyumbani hadi giza liwakute.

Hapo ndipo wajibu wa mtumishi wa umma na mwalimu unapojitokeza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni mbili kwa redio, vitabu vyepesi na vikundi vya kujisomea, ikawafanya wachimbe vyoo. Kama umma uliweza kuelimishwa juu ya kuhara damu na minyoo, hakuna sababu usielimishwe juu ya vishipa vya jicho. Mwalimu aliye na kisukari akapima macho kila mwaka, na akawaeleza wenzake sababu yake, amekwisha kuanza kampeni.

Lakini haitoshi kumhubiria mgonjwa peke yake. Kliniki ya kisukari inayopima sukari na uzito wa mgonjwa kisha ikamruhusu kwenda zake bila ya kuuliza habari za macho haijatimiza kazi yake. Halmashauri zinapopanga bajeti za afya hazina budi kuhesabu gharama ya kamera pamoja na gharama ya mwalimu kuacha kazi akiwa na miaka arobaini na mitano, ya karani asiyeweza tena kusoma jalada, na ya mtoto anayeacha shule ili amwongoze baba yake njiani. Kupanga ni kuchagua, na hesabu hiyo ikifanywa kwa uaminifu, kamera itaonekana kuwa rahisi.

Kila mwenye kisukari apimwe macho angalau mara moja kwa mwaka, anaona vizuri au haoni vizuri. Mama mwenye kisukari anapopata mimba apimwe mapema zaidi, maana wakati huo maradhi huweza kwenda mbio. Daftari la kliniki lionyeshe nani amepimwa na nani bado, na yule ambaye bado atafutwe. Ufa umekwisha kuonekana. Kinachongojewa ni watu wa kuuziba.