Mwanga Ndani ya Maji na Lugha ya Maabara

Mwanafunzi wa Migori au Homa Bay aliyesoma kemia anajua kwamba umeme ukipitishwa katika maji ya chumvi, viputo hutokea kwenye elektrodi. Aghalabu haambiwi kwamba volti zikipandishwa kupita mia moja hivi, viputo huungana vikawa utando wa mvuke unaoizunguka elektrodi, na ndani ya utando huo huwaka mwanga wa plazma. Chumvi ya mezani huutia rangi ya manjano. Wafaransa Fizeau na Foucault waliueleza mwanga wa namna hii mwaka 1844, na hadi leo wapo wadadisi wanaoujaribu majumbani mwao.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Nikiulizwa nimefuata nini maabarani, nitajibu kwamba nimefuata maneno. Mwaka 1834 Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyeanzia sayansi katika karakana ya kujalidi vitabu, alikosa majina ya mambo aliyoyaona. Kigiriki hakukijua. Alimwandikia William Whewell wa Cambridge, na katika barua zao yakapatikana anodi, kathodi na ioni, yaani njia ya kupanda, njia ya kushuka na kitu kiendacho. Wanafunzi wetu huyakariri kama majina ya miji ya mbali.

Nasi tunalo neno letu, stima. Lilitokana na meli za mvuke, kama zile zilizotoka Kisumu zikatia nanga Homa Bay, kisha Kenya nzima ikalifanya jina la umeme. Katika jaribio hili mvuke na umeme hukutana tena, kwani bila utando wa mvuke mwanga hauwaki. Mwalimu angeanzia hapo, darasa lingemwelewa.

Niliwahi kuwasikiliza wanafunzi wa shule moja ya Homa Bay. Fasili ya elektrolisisi waliitoa kwa Kiingereza bila kukwama. Nilipowaomba waniambie kwa Kiswahili au Kijaluo gesi hizo zinatoka wapi, walinyamaza.

Kimya hicho kinaweza kuua. Stima ya nyumbani ni volti 240, na mkono uliolowa maji ya chumvi hauna kinga. Haidrojeni ikichanganyika na oksijeni hulipuka kwa cheche moja, na maji ya chumvi hutoa klorini, gesi ya sumu. Kijana wa Macalder aliyezoea kuona wachimba dhahabu wakishika zebaki kwa mikono mitupu hataziogopa nyaya mbili ndani ya gilasi, hasa ikiwa onyo amelisoma kwa lugha ya mtihani tu.

Wapo watakaosema kwamba mtihani ni wa Kiingereza. Na uwe. Sidai kiondolewe, namwomba mwalimu dakika kumi za maelezo kwa Kiswahili kabla ya kugusa kifaa chochote. TUKI ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, lakini sijaiona katika maktaba ya shule yoyote niliyozuru huku.

Darasani betri ya volti 6 inatosha, madirisha yakiwa wazi. Anayetaka kuuona mwanga wenyewe auone chini ya uangalizi wa mtaalamu. Migori ina Chuo Kikuu cha Rongo, na Homa Bay ina Chuo Kikuu cha Tom Mboya. Walimu wakuu waviandikie barua.