Jibu Lililoandikwa Kabla ya Jaribio

Wapo wahadhiri wanaoamini kwamba mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kemia ya kifizikia ameiva pale namba zake za maabara zinapolingana na za kitabu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kumpa mtu alama kwa kulikaribia jibu linalojulikana ni kumfundisha kughushi.

Chukua mfano mwepesi. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, na kanieneo ya hewa huko ni ndogo kuliko ya Mombasa. Kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 za Selsiasi. Mwanafunzi aliyeona 94 kwenye kipimajoto, akaandika 100 asikatwe alama, je, tumlaumu yeye peke yake? Nimesahihisha madaftari mengi ambamo nukta zote za grafu zimejipanga juu ya mstari kama askari wa gwaride. Nukta za kweli hazina nidhamu hiyo.

Tukumbuke kisa cha Lord Rayleigh wa Uingereza. Kati ya mwaka 1892 na 1894 alikuwa akipima uzito wa naitrojeni. Iliyotoka hewani, katika chupa yake, ilikuwa na gramu 2.310, iliyotengenezwa kwa kemikali, katika chupa ile ile, gramu 2.299. Tofauti ilikuwa ndogo mno, lakini haikuondoka kila aliporudia. Angekuwa mwanafunzi wetu angeifuta kwa kifutio. Yeye aliing'ang'ania, na pamoja na William Ramsay wakaigundua gesi ya agoni. Mwaka 1904 wote wawili walipata Tuzo ya Nobel, mmoja ya fizikia na mwingine ya kemia.

Najua nitajibiwa kwamba vifaa ni ghali, wanafunzi ni wengi, na kompyuta inaweza kuonyesha jaribio zima bila kuvunja hata chupa moja. Kompyuta ina kazi yake, siipingi. Lakini jaribio la kuigizwa humrudishia mwanafunzi sheria zile zile alizozitia mtunga programu. Agoni isingetoka humo.

Tena ninachodai hakihitaji fedha nyingi. Badala ya majaribio kumi na mawili ya kukimbizana na saa, yawe manne. Kila kundi lirudie kipimo chake mara kadhaa, liseme lina shaka kiasi gani juu ya namba yake, na kwa nini. Lipewe sampuli ambayo thamani yake haimo kitabuni. Kisha alama zitolewe kwa maelezo. Atakayeandika kwamba jibu lake limepotoka, akaonyesha joto lilivujia wapi katika kalorimita, amshinde aliyepatia kwa kunakili.

Wahitimu hawa ndio watakaopima floridi katika visima vya Arusha, ambako meno ya watoto yamegeuka rangi kwa maji ya kunywa. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtu aliyezoezwa miaka mitatu kuilazimisha namba yake ifanane na ya kitabu, siku elektrodi itakapomsomea 4, ataandika ngapi?