Moyo wa Mwogeleaji Usipimwe kwa Mbio

Toa umri wako kwenye 220, jibu ndilo kikomo cha mapigo ya moyo wako kwa dakika. Ndivyo wanavyofundishwa vijana, na ndivyo saa nyingi za mkononi zinavyohesabu. Samuel Fox na wenzake waliitoa hesabu hiyo mwaka 1971, kwa kupitisha mstari kwenye takwimu za tafiti zilizokwisha kufanywa. Ni wastani tu. Watu wa umri mmoja hutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi. Lakini kosa kubwa ni kuamini kwamba kikomo hicho ni kimoja, mtu awe anakimbia, anaendesha baiskeli au yumo majini.

Lamu, ambako kuogelea hushindaniwa pamoja na mbio za punda na mashua wakati wa Maulidi, imani hii inaumiza watu. Kijana hukimbia mchanga wa Shela, saa ikasoma 178. Akiingia mkondoni upande wa Manda, anakata maji mpaka mikono haimtii tena, na saa inasoma 165. Anaambiwa mvivu. Huo ni uonevu!

Mwogeleaji amelala kifudifudi. Damu haipandi mlima kutoka miguuni, na shinikizo la maji huisukuma kifuani. Moyo hujaa zaidi, kila pigo likatoa damu nyingi. Tena maji huupoza mwili, na kazi kubwa iko mabegani na mikononi, kwenye misuli midogo kuliko ya mapaja. Ndiyo maana kikomo cha majini huwa chini ya cha mbio kwa mapigo kama kumi hivi. Cha baiskeli nacho hushuka, ila kidogo.

Mchukue mtu ambaye kikomo chake cha mbio ni 180, cha majini 168. Kocha akimtaka afikie asilimia 85 ya 180, yaani 153, majini amemdai asilimia 91. Wiki chache za namna hiyo humchakaza kabla ya mashindano, kisha lawama zikamwangukia yeye.

Na baharia anayesukuma mashua kwa pondo, naye akitumia mikono na mabega, maji yamekupwa na jua la utosi, 220 inamjua wapi?

Kila mtu apimwe ndani ya kazi yake. Mwogeleaji apashe mwili, aogelee mara nne kwa kasi inayopanda, ya mwisho kwa nguvu zote, kisha mapigo ya shingoni yahesabiwe papo hapo kwa sekunde 10 na kuzidishwa mara sita. Mwenye tatizo la moyo amwone daktari kwanza. Nambari hiyo iandikwe kando na ile ya mbio, na mazoezi ya majini yapangwe kwayo.